Theluji Tuliyoiombea Kabla ya Kuiona

Katika nyumba zetu za Mji wa Kale, Mombasa, theluji ni neno tulilolijua kabla ya kukijua kitu chenyewe. Aliyehifadhi dua ya maiti, ile aliyoisimulia Auf bin Malik na iliyomo katika Sahihi ya Imam Muslim, anakumbuka kwamba ndani yake marehemu huombewa aoshwe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Maji tunayo, alhamdulillahi, japo mifereji yetu hukauka mara kwa mara. Mvua ya mawe tumesimuliwa na jamaa zetu wa bara. Theluji tunaisoma tu. Tunaiomba kwa ajili ya wafu wetu, kisha nasi tunakufa bila ya kuiona.

Bibi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa chama chetu cha kina mama kumi, alikuwa akilisema jambo hili kwa mzaha kwa miaka mingi. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo, naye ndiye aliyemfundisha dua hiyo angali msichana mdogo. Aliisoma alipofiwa na wazazi wake, na aliisoma tena usiku mumewe alipotoka nyumbani juu ya jeneza. Mzaha wake uligeuka kuwa hamu mwaka jana, pale mjukuu wake alipompelekea picha na sauti kutoka Harbin. Makala haya ni hadithi ya hamu hiyo na ya safari tuliyoifunga kwa ajili yake, kwa fedha za chama, hadi kijiji cha Entarara katika kaunti ya Kajiado.

Kijana wetu na ubao wa thelujini

Mjukuu huyo yuko kaskazini mwa China kwa masomo. Harbin ni mji mkuu wa jimbo la Heilongjiang, jimbo linalopakana na Urusi, na baridi yake si baridi ya kuvaa sweta na kunywa kahawa ya tangawizi ikapita. Mwezi wa Januari wastani wa joto huwa kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri, na usiku huweza kufika 30 chini ya sifuri. Mto Songhua unaopita mjini huganda ukawa njia ya kupita watu. Wenyeji hukata mapande ya barafu mtoni humo wakajenga majumba, minara na ngazi, wakatia taa za rangi ndani yake, na watu hutoka pande zote za dunia kwenda kutazama. Februari 2025 mji huo uliandaa Michezo ya Bara la Asia ya Majira ya Baridi, na mashindano ya thelujini yakafanyika Yabuli, mwendo wa kiasi cha kilomita 200 kutoka mjini.

Huko Yabuli ndiko alikokwenda kijana wetu na wenzake watatu, wote wanafunzi, wote mifuko mitupu. Tunaieleza safari yao kwa kuwa ndiyo iliyotufunza jinsi ya kuipanga yetu. Hawakwenda kwa wakala. Waliiacha treni ya kasi wakapanda treni ya kawaida, viti vya kukaa wima, kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Waliepuka siku za mapumziko, maana bei za mlimani hupanda watu wanapojaa. Walilala chumba kimoja cha vitanda vya ghorofa. Vifaa vyote walikodi, hawakununua hata glavu. Katika treni na vituo vya China maji ya moto hutolewa bure, basi walichukua majani ya chai, tende na mikate yao, na walipotaka chakula cha moto waliwatafuta Waislamu wa kabila la Hui, ambao vibao vya mikahawa yao huandikwa neno la halali kwa Kichina na mara nyingi kwa herufi za Kiarabu pia. Bakuli la tambi za kuvutwa kwa mkono, mchuzi wa nyama ya ng'ombe na pilipili ndani yake, lilikuwa chakula chao cha mchana na cha usiku.

Kuhusu mchezo wenyewe alitueleza hivi. Miguu yote miwili hufungwa juu ya ubao mmoja, nawe husimama ubavu, kama utingo aliyesimama mlangoni mwa matatu. Ubao una kingo mbili za chuma. Ukiegemea visigino, kingo ya nyuma huuma theluji. Ukiegemea vidole, huuma ya mbele. Ubao ukilala bapa na ukingo usiotarajiwa ukachoma theluji, umekwisha kuanguka kabla ya kujua kilichokupata. Mwalimu aliwaambia wakunje magoti, watazame waendako wala si miguu yao, na wakianguka wafumbe ngumi na kuangukia mikono ya mbele, kwa sababu mgeni anayejikinga kwa viganja ndiye avunjaye kifundo. Siku ya kwanza, tangu asubuhi hadi adhuhuri, hakuteleza hata mara moja pasipo kuanguka. Siku ya pili alishuka mteremko wa wanaoanza, wote, akiwa amesimama.

Tulicheka, lakini hatukushangaa kwamba Mkenya anaweza. Tulikumbushana habari za Philip Boit, aliyekuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, mjini Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, akamngoja penye mstari ili amkumbatie. Boit alimwita mwanawe jina la bingwa huyo. Miaka 20 baadaye, huko PyeongChang, Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha nchi yetu katika michezo hiyo.

Bibi hakuuliza habari za ubao wala za ushindi. Aliuliza swali moja: "Mjukuu wangu, ukiikanyaga inalia vipi?" Kesho yake kijana alituletea sauti aliyoirekodi akitembea peke yake alfajiri. Ilikuwa sauti kavu, ya kukwaruza, kama mtu anayetembea juu ya mchele. Bibi aliisikiliza mara nyingi sana. Kisha akasema, "Hii nataka niione kwa macho yangu kabla sijaombewa."

Hesabu za chama

Tulikaa na kufanya hesabu. Tiketi ya ndege ya mtu mmoja hadi Harbin ingemeza mchango wetu wa miezi mingi, na magoti ya Bibi yasingestahimili safari hiyo wala baridi ya huko. Jambo lilionekana limekwisha. Ndipo mwenzetu aliyeolewa Kitengela, ambaye hushiriki chama chetu kwa simu, alipotushangaza. Mumewe hununua nyanya na vitunguu mashambani upande wa Loitokitok na kuviuza Kitengela. Akasema, "Mbona mwaitafuta theluji China? Entarara wanaiona kutoka mlangoni pa jiko."

Tuliona haya kidogo. Mlima Kilimanjaro tumeusoma shuleni, tumeuona katika vitabu na kalenda, na kwa kuwa kilele chake kiko Tanzania tulikuwa tumekwisha kuutoa katika hesabu zetu. Tulisahau kwamba miteremko yake ya kaskazini na mashariki hushukia kwetu, na kwamba Loitokitok, Entarara na Illasit ni vijiji na miji ya Kenya iliyokaa miguuni pake.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba habari za theluji ile zilipata kuandikwa na kupelekwa Ulaya kupitia pwani yetu. Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa na makao yake Rabai, aliuona mlima huo akiwa safarini kuelekea Uchagani, na akaandika kwamba juu yake pana theluji. Wataalamu wa jiografia wa London walimkanusha kwa miaka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini aliyeuongoza msafara wake alikuwa mtu wa pwani, Bwana Kheri, na Rebmann alipomwuliza ule weupe ni kitu gani, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi. Mswahili huyo hakuhitaji mjadala. Alikuwa akijua.

Basi tukakubaliana. Kwa miezi 5 kila mmoja wetu alitia kiasi chake katika kibubu kila Ijumaa, mbali na mchango wa kawaida, ili mzunguko wa chama usivurugike na zamu ya mtu isicheleweshwe. Hatukukopa. Ambaye hakuweza hakulazimishwa, na hatimaye tukatoka kina mama 7, wanaume 3 ambao ni maharimu wa baadhi yetu na walezi wa msafara, na watoto 4. Jumla watu 14. Idadi hiyo tuliipanga kusudi, kwa sababu ndiyo idadi ya abiria wa matatu moja. Anayekodi gari zima hupatana bei kwa kauli moja, na anayepanda mmoja mmoja hulipa atakavyotajiwa.

Njia ya Emali

Tulitoka Mombasa mwezi wa Disemba, shule zimefungwa, kwa treni ya asubuhi inayosimama vituo vya kati. Reli hiyo ilijengwa na kampuni ya Kichina na ikaanza kubeba abiria mwaka 2017, nasi tulitaniana kwamba kumbe tumefika China bila ya pasipoti. Tulikata tiketi za daraja la kawaida, mapema, kwa simu. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja hilo kutoka Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500, anayeshuka njiani hulipa pungufu, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Vikapu vyetu vilikuwa na mahamri, viazi vya karai, mayai ya kuchemsha, tende, na chupa tatu kubwa za chai, na hatukununua chakula hadi tulipofika.

Tulishuka Emali karibu na adhuhuri. Mwenzetu wa Kitengela na mumewe walikuwa wakitungoja na matatu. Kutoka hapo ni kama kilomita 100 za lami kuelekea kusini, kupitia nyanda za malisho hadi Kimana, kisha njia inaanza kupanda. Kimana ndipo macho yetu watu wa pwani yalipochoka kustaajabu, maana baada ya vumbi na miiba unaingia ghafla katika mashamba ya nyanya, vitunguu na maharagwe, yanayonyweshwa kwa mifereji. Loitokitok uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na tuliposhuka garini baridi ilipenya buibui kana kwamba hatukuvaa kitu. Bibi alitabasamu. "Bwana Kheri alisema kweli," akasema.

Hapo tulipatwa na mtihani. Nyumba ya wageni tuliyoahidiwa kwa simu ilikuwa imejaa, na vyumba vilivyobaki mjini vilikuwa juu ya uwezo wetu. Watoto walikuwa wamechoka, Bibi ameanza kukohoa, na mlima wote umefunikwa na mawingu, hauonekani hata ukucha. Mmoja wa wanaume alishauri turudi Emali usiku huohuo. Mume wa mwenzetu akampigia simu mama mmoja wa Kimaasai wa Entarara anayemuuzia vitunguu. Hakuulizwa mara mbili. Alisema tuje, na kwamba wanaume watalala kwa mwanawe wa kiume, jirani.

Mawingu ya siku mbili

Mama huyo alitupokea kwa maziwa ya moto. Nasi tulimpa mchele, sukari, tende na leso mbili tulizokuja nazo, kwa maana mgeni wa pwani hafiki mikono mitupu. Alikuwa amewahi kukaa na Waislamu wa Loitokitok, akijua habari za halali, basi mbuzi alichinjwa na mmoja wa waume zetu, na tukapika pilau ya watu wote. Jikoni lugha si kizuizi kikubwa. Mwenyeji alizungumza Kiswahili cha bara, sisi cha Mvita, na binti zetu waliamkiana na binti zake kwa "takwenya" na "iko" mpaka usiku.

Asubuhi ya pili tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Ukungu. Tukangoja hadi mchana. Mawingu. Alasiri mvua nyepesi ikanyesha, na mahali ambapo tuliambiwa mlima upo palikuwa na ukuta wa kijivu. Watoto walianza kuuliza kama mlima huo upo kweli. Bibi alikohoa zaidi, tukamfunika mablanketi mawili na kumpa maji ya tangawizi na asali. Tiketi zetu za kurudi zilikuwa za asubuhi ya tatu, kwa treni itokayo Nairobi ambayo hupita Emali mapema, na matatu ingetuchukua saa moja kamili. Kuzibadilisha tiketi 14 hatukuwa na fedha. Usiku huo tulizungumza kwa sauti ya chini: tumetumia miezi 5 ya akiba, tumemtoa mzee nyumbani kwake, tumemtia baridi, na huenda tukarudi na habari ya mawingu. Mmoja wetu alilia. Aliyependekeza safari alituomba radhi, na hakuna aliyejua la kumjibu.

Mwenyeji wetu alitusikia. Akasema mvua ya alasiri si adui, maana inayonyesha huku chini ikiwa maji, kule juu huanguka ikiwa theluji. "Mlima huu huamka mapema kuliko watu," akasema. "Mawingu huulalia mchana. Mtoke kabla ya jua."

Alfajiri

Tulisali alfajiri chumbani, tukatoka. Nyota zilikuwa wazi, na hapakuwa na wingu hata moja. Mkono wa kushoto ulisimama mlima mweusi wenye meno, huo ni Mawenzi, wenye urefu wa mita 5,149. Mkono wa kulia, juu zaidi kuliko tulivyokuwa tukitazama, hata ikatubidi tuinue shingo, palikuwa na Kibo, mita 5,895. Mwanzo kilikuwa cheupe hafifu kama kitambaa kilichoanikwa gizani. Kisha jua likakigusa, kikawa na rangi ya waridi, kisha dhahabu, kisha cheupe hata macho yakauma. Wamaasai huuita Oldoinyo Oibor, yaani mlima mweupe.

Tulimtazama Bibi. Alikuwa amesimama akiegemea mkongojo, leso kichwani, blanketi mabegani. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, si kwa dharau, bali kama mtu anayetaka kuhakikisha, "Ndiyo hiyo tu?"

Maana kwa kweli ilikuwa kidogo. Sisi tuliotazama picha za Harbin, ambako nchi nzima ni nyeupe, tulitarajia mlima uliovikwa kanzu. Tuliona kofia tu, nayo imechanika upande mmoja. Mwenyeji wetu akanyoosha mkono akatuonyesha mstari chini sana ya ule weupe. "Nilipokuwa msichana," akasema, "ilishuka mpaka pale. Haikuondoka mwaka mzima."

Kumbukumbu yake haikumdanganya. Tunachokiona juu ya Kibo ni vitu viwili. Kuna theluji mpya inayoanguka nyakati za mvua na kuyeyuka baada ya siku au wiki chache. Na kuna barafu ya kale, iliyoganda kwa mamia na maelfu ya miaka, ambayo sehemu yake kubwa iliyosalia iko upande huu wa kaskazini. Barafu hiyo ndiyo inayokwisha. Wanasayansi waliolinganisha ramani ya mwaka 1912 na vipimo vya mwaka 2011 waligundua kwamba zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake ilikwisha kutoweka katika miaka hiyo. Mwaka 2022 Shirika la UNESCO lilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro, pamoja na ile ya Mlima Kenya, inatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Watoto wanne tuliokuwa nao watakuwa na umri wa sisi mama zao.

Tulimpigia simu kijana wetu. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, kwake karibu saa sita mchana, naye alikuwa nje akielekea sala ya adhuhuri, amevaa khofu za ngozi na koti la kumfika magotini. Tukamgeuzia simu aone mlima. Akatugeuzia yake, tukaona miti, paa na barabara, vyote vimefunikwa. Kwa muda hakuna aliyesema. Kisha akasema, "Bibi, huku ni nyingi lakini nimeikuta tu. Hiyo yenu nimeondoka nyumbani bila ya kwenda kuitazama."

Bibi alimwombea heri, akamrudishia mmoja wetu simu, akapiga hatua chache mbele, mbali nasi. Aliinua mikono. Hatukuyasikia maneno yote, lakini jina la marehemu mumewe tulilisikia, na neno theluji tulilisikia. Alipomaliza alijipangusa uso, akasema, "Sasa najua nilichokuwa nikimwombea." Saa moja kasorobo matatu ilipiga honi.

Maji ya Kitengela

Njiani kurudi mwenzetu wa Kitengela ndiye aliyenyamaza zaidi. Mwenyeji alikuwa amemweleza kwamba miguuni pa mlima huu kuna chemchemi ya Nolturesh, ambayo maji yake husafirishwa kwa bomba refu kuelekea Kajiado, Kitengela na Machakos. Miaka yote alikuwa akinung'unikia mfereji wake pasipo kujua kwamba maji yake na theluji ya Bibi vina mlima mmoja.

Hapa inafaa tuseme jambo kwa usahihi, kwa sababu wengi hulikosea. Wataalamu waliochunguza maji ya chemchemi za Kilimanjaro wamebaini kwamba sehemu kubwa hutokana na mvua inayonyeshea msitu wa mlima na kuzama ardhini, si na barafu inayoyeyuka kileleni. Kwa hiyo barafu ikitoweka, chemchemi hazitakauka siku hiyohiyo. Msitu ukikatwa ndipo tutakapoona kiu. Weupe wa juu ni onyo linaloonekana kwa macho, na riziki yetu iko katika kijani cha chini yake. Anayenunua makaa bila ya kuuliza yametoka wapi, kuanzia Kitengela hadi Mombasa, ana sehemu yake katika habari hii.

Kwa familia itakayotaka kwenda

Tumeulizwa na wengi, basi tunaandika tuliyojifunza.

Kwanza, wakati. Theluji mpya huonekana zaidi baada ya mvua za vuli na za masika. Lakini mvua huja na mawingu, kwa hiyo jiwekeeni usiku tatu au nne, msifanye kosa letu la usiku mbili. Mlima hutazamwa alfajiri na karibu na magharibi. Mwenye kulala hadi jua kali atauona ukungu.

Pili, mavazi. Kijana wetu alitufunza kanuni ya tabaka tatu, nayo inafaa Entarara kama inavyofaa Harbin, ila huku nguo ni nyepesi zaidi. Ya ndani isiyoshika jasho, ya kati ya sufu, ya nje ya kuzuia upepo. Soksi nzito mbili kwa kila mtu, na kofia kwa watoto. Mitumba ya sokoni inatosha; sisi hatukununua kitu kipya. Simu nazo hupoteza chaji upesi katika baridi, ziwekeni ndani ya nguo.

Tatu, ibada. Msafiri ana ruhusa zake katika kupunguza na kukusanya sala, na mwenye kuvaa khofu kwa masharti yake anaruhusiwa kupaka maji juu yake siku tatu na nyusiku zake. Mwulizeni sheikh wa mtaa wenu kabla ya kuondoka, msingoje kubishana njiani maji ya baridi yakiwa mkononi. Mkono wa kibla hapo ni kaskazini, kwa hiyo anayesali nje huupa mlima mgongo. Watoto wetu walilihesabu hilo kuwa mtihani mkubwa kuliko baridi.

Nne, fedha. Wekeni akiba ya safari mbali na mzunguko wa chama. Safirini kwa idadi inayojaza gari moja. Hakikisheni malazi kwa mtu mnayemjua, au lipeni sehemu ya fedha mapema na mpewe risiti. Mkikaribishwa nyumbani kwa mtu, msihesabu kwamba mmelala bure. Sisi tuliacha thamani ya vyumba viwili vya mjini, na mwenyeji wetu akatukatalia mara mbili kabla ya kupokea.

Tano, na hili ndilo la mwisho, watangulizeni wazee. Theluji ya Harbin itaanguka tena mwakani, na kijana mwenye nguvu ataifuata kwa treni ya viti vigumu. Ile ya Entarara inapungua, na mzee anayeitamani naye hatungoji. Bibi yetu amepona kikohozi chake, alhamdulillahi. Kila anayekwenda kumjulia hali husikilizishwa kwanza ile sauti ya nyayo za mjukuu wake juu ya theluji, kisha huonyeshwa picha ya mlima, naye huwaambia wageni wasipoteze muda kuitazama kwenye simu, kwa kuwa treni ya Emali hutoka kila siku asubuhi.